Mjomba, gari halinywi mafuta, haraka ndiyo inayokunywa

Nimeadimika kidogo. Kazi za gazeti zilinibana, halafu nikaenda nyumbani Tunduma kwa likizo fupi. Leo naomba tuiweke siasa pembeni. Nataka kuzungumzia petroli, na deni moja ninalodaiwa na mjomba wangu.

Mjomba ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Alipopata mafao yake alifanya kama wastaafu wengi: alimalizia nyumba, akalipa ada za watoto, kilichobaki akataka kununua gari. Akanipigia simu mimi, kwa sababu ndiye "msomi" wa ukoo na tena mwandishi wa habari. Kwetu mwandishi wa habari anadhaniwa kujua kila kitu, kuanzia bei ya mahindi hadi dawa ya presha. Nami, kwa aibu ya kusema sijui, nikamshauri.

Nikamwambia anunue haibridi ya kuchomeka. Kwa wale msioifahamu, hili ni gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, na betri yake kubwa unaichaji kwa kuichomeka kwenye umeme wa nyumbani kama unavyochaji simu. Betri ikiisha, petroli inaendelea na safari. Nikamtajia Mitsubishi Outlander PHEV, zile zilizotumika Japani, zilizoanza kuuzwa kule mwaka 2013. Nikamsomea na namba niliyoikuta: kilomita 67 kwa lita moja.

Kilomita 67! Mwalimu akachukua kalamu. Dar es Salaam mpaka Tunduma ni kama kilomita 930. Gawa kwa 67. Lita 14 hazifiki. Kumbukeni huyu ni mtu aliyeishi Agosti 2022, wakati bei kikomo ya EWURA kwa petroli Dar es Salaam ilipofika shilingi 3,410 kwa lita. Na sisi wa Tunduma huwa tunalipa zaidi ya Dar, kwa kuwa petroli yetu inakuja kwa malori ya tangi na nauli yake iko ndani ya bei. Lita 14 kwake ilikuwa kama ndoto.

Gari likaja. Akalifuata Dar, akaliendesha mwenyewe mpaka nyumbani. Kesho yake simu ikaita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Nimetumia lita 102."

Nikanyamaza.

"Lita 102," akarudia, kwa sauti ile ya kusoma matokeo ya mtihani. "Risiti ninazo zote."

Wadau, sijui kama mmewahi kumpoteza mzee wenu fedha za uzeeni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama namjua mtu anayeweza kulinunua lile gari, maana majirani walikuwa wameshamwambia kwamba magari ya umeme ni ya Wazungu wenye barabara fupi. Hiyo "kama namjua mtu" iliniuma kuliko matusi.

Nikaanza kufanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kutoa ushauri: kusoma.

Kwanza ile namba. Haikuwa ya uongo, ila haikuwa inajibu swali la mjomba. Kilomita 67 ni matokeo ya kipimo cha Kijapani cha maabara, kinachohesabu pia sehemu ya mwendo iliyotumia umeme wa ukutani, na umeme ule hauonekani kwenye hesabu ya lita. Kipimo hichohicho kilikuwa na namba nyingine, kilomita 18.6 kwa lita, yaani gari likitembea kama haibridi ya kawaida baada ya umeme wa kuchomeka kwisha. Hiyo hakuna anayeikariri, mimi nikiwemo. Wala tusijione washamba. Machi 2024 Kamisheni ya Ulaya ilitoa takwimu za magari yaliyofuatiliwa barabarani, ikaonekana haibridi za kuchomeka zinatoa hewa chafu kwa wastani mara tatu na nusu ya ilivyopimwa maabara. Sababu kubwa ni kwamba wenyewe hawachomeki na hawaendeshi kama kipimo kilivyodhani. Mjomba ana wenzake Ulaya, tena wenye soketi kila kona.

Halafu nikapiga hesabu yenyewe. Betri ya gari lile ilipokuwa mpya ilikuwa na uniti 12, zile uniti tunazonunua kwa luku. Sasa ina miaka zaidi ya kumi. Ukiichaji ikajaa inakupeleka kama kilomita 40, na inakula kama uniti 10 ukutani. Kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni kama shilingi 3,600. Gari la petroli linalokwenda kilomita 10 kwa lita litataka lita nne kwa kilomita hizohizo. Hata tukiweka lita kwa shilingi 3,000 tu, ni shilingi 12,000. Kwa mtu wa mizunguko ya mjini, kanisani, sokoni, mpakani na kurudi, gari hili ni neema.

Lakini kwenye kilomita 930, hizo 40 ni sehemu ndogo sana, haifiki hata asilimia tano. Zinazobaki zote ni petroli, tena umebeba betri nzito. Kwa hiyo swali la safari ndefu ni hili: umeme huo kidogo uutumie wapi, na hiyo petroli uiendesheje? Hapo ndipo lita 102 zilipotokea.

Mjomba alipokuja Dar kwa daktari, nikachukua likizo turudi naye. Nikamwomba aniendeshe kidogo kama alivyoendesha mara ya kwanza. Hatujafika Kibaha nikaona makosa matatu. Nitayasema yote, kwa sababu nina hakika si yake peke yake.

La kwanza: kitufe cha kuchaji. Gari hili lina kitufe kinachoifanya injini izalishe umeme na kuujaza kwenye betri. Mjomba alikibonyeza Kibaha na kukiacha mpaka Tunduma. "Umeme wa bure huu, mjomba," akanieleza. Si wa bure. Unachoma petroli kuzungusha jenereta, umeme unaingia kwenye betri, unatoka tena kwenda kwenye mota, na kila hatua kuna kinachopotea. Nikamwambia ni kama mkulima wetu wa Mbozi anayeuza mahindi yote Julai kwa bei ya kutupa, halafu Februari ananunua unga dukani. Akaelewa mara moja. Hilo hata yeye limewahi kumkuta.

Kuna kitufe cha pili, cha kuutunza umeme ulio nao. Hicho ndicho cha safari ndefu. Injini ya petroli ina hasara kubwa kwenye mwendo wa kusimama na kuondoka, na umeme ndipo unapong'ara. Kwenye barabara iliyonyooka, kwa mwendo wa kati, injini ya gari hili inasukuma magurudumu moja kwa moja na inafanya kazi yake vizuri. Basi tumieni umeme kwenye foleni za Dar mpaka mtoke mjini, kisha utunzeni. Muufungue tena Mbeya, kuanzia Uyole mpaka Mbalizi, na mbakize kidogo kwa ajili ya Tunduma. Anayeijua Tunduma anajua ninachosema. Kituo cha pamoja cha mpakani na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, lakini foleni ya malori bado inaweza kukukuta mbali na mji, na pale unasogea hatua kumi unasimama. Magari mengine yanaunguruma, lako limekaa kimya.

Kosa la pili ni mwendo. Mjomba alikuwa anakwenda 120 kila alipopata nafasi. Nguvu ya upepo unaolizuia gari haipandi sawasawa na mwendo, inapanda kwa mraba wake. Mwalimu wa hesabu hakuhitaji maelezo: 120 ni mara moja na nusu ya 80, kwa hiyo upepo unakuzuia mara mbili na robo. Hiyo unailipia petroli.

Na unapata nini? Barabara hii si ya mchezo. Vijijini ni 50, kuna matuta, kuna trafiki na tochi zao. Ndani ya hifadhi ya Mikumi kuna kilomita kama 50 za kwenda taratibu, la sivyo umgonge mnyama ulipe faini ambayo hutaisahau. Kitonga unapanda nyuma ya lori lililobeba kontena, upende usipende. Ukikimbia 120 katikati ya hayo yote unawahi tu kufika nyuma ya lori linalofuata. Safari ya kwanza mjomba alitumia saa 14 na nusu barabarani. Safari yetu ya 80 mpaka 90 ilichukua saa 15 na dakika 40, bila kuhesabu usiku tuliolala. Tofauti ni saa moja na ushee. Na safari ile ya kwanza alipigwa tochi mara mbili. Faini moja ni shilingi 30,000, sawa na lita 10 za petroli ambazo hazikuingia hata kwenye tangi.

Kosa la tatu ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Kwenye mteremko, mjomba aliweka gia frii. Alijifunza udereva kwenye gari la shule miaka ya themanini, na aliyemfundisha alimwambia kwamba mteremkoni unaweka frii, gari linajiendea lenyewe, mafuta hayaliwi. Nusu ya madereva wa barabara hii wamefundishwa hivyo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kwenye ajali ya lori lililoshindwa kusimama mteremkoni. Utingo alipona. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe, kiatu kimoja hana, watu wamemzunguka. Nilimwuliza maswali yetu yale ya kijinga ya waandishi wa habari. Akanijibu kwamba dereva alikuwa ameweka frii, wanaokoa dizeli, kwa sababu dizeli inayobaki mwisho wa safari ni ya dereva na utingo. Niliandika "breki zilifeli" kama tunavyoandika siku zote. Zilifeli, ndiyo, kwa sababu zilibebeshwa peke yake uzito ambao injini ilipaswa kuusaidia kuushika. Baadaye nilimwuliza fundi mmoja pale mteremko ule ungeokoa dizeli kiasi gani. Akaniambia hata lita moja isingetimia.

Ukweli ni kwamba kwenye injini za kisasa frii haiokoi chochote. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta ya injini inakata mafuta kabisa na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka frii, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Yaani unahatarisha roho yako na za watu ili utumie mafuta zaidi.

Kwa haibridi, hasara ni mara mbili. Kila mita 100 unazopandisha gari la tani mbili unalipa zaidi ya nusu uniti ya nishati, ukiacha upepo na matairi. Ukishuka kwenye gia, mota inageuka kuwa jenereta na kukurudishia sehemu ya ulicholipa, na papo hapo inalizuia gari bila kuchemsha breki. Ukiweka frii mota haizalishi kitu. Outlander hii ina vipini viwili nyuma ya usukani vya kuongeza na kupunguza nguvu ya mota kulizuia gari. Mjomba alidhani ni vya mapambo.

Tulipoteremka Iwambi kwenda Mbalizi nikamwambia: mjomba, toa mguu kwenye mafuta, vuta hicho cha kushoto, mguu wako ukae tayari kwenye breki lakini usiikanyage kama hakuna haja. Gari likajishika. Akaangalia kioo. Kilomita za umeme zilikuwa zinapanda badala ya kushuka, moja, mbili, mpaka tatu. Si nyingi. Ila mzee alicheka kama mtoto. "Mlima unanilipa," akasema. Lakini angalieni jambo moja: betri ikiwa imejaa kabisa haina pa kuweka umeme huo. Kwa hiyo usifike kileleni na betri iliyojaa. Panda nayo, itumie kupanda, ifike juu ina nafasi. Na hakuna mota inayochukua nafasi ya breki. Kwenye miteremko kama Senjele breki zako ziwe zima, gari la aina yoyote.

Mengine ni madogo, yanajulikana, ila hatuyafanyi. Upepo wa matairi: kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si kichwani kwa kijana wa gereji. Matairi ya mjomba yote manne yalikuwa chini. Tukavunja na mabomba ya chuma aliyotaka kuyafunga juu ya paa kwa sababu "nafasi ipo". Tukayatuma kwa lori.

Usiku tulilala Iringa. Nilimwomba mwenye gesti tuchomeke gari, tukampa shilingi 5,000. Aliuliza mara tatu kama litamaliza luku yake. Asubuhi akaenda kuangalia mita mwenyewe, akakuta uniti kama kumi zimekwenda, akarudi anatabasamu, na akatuambia tukipita tena tulale kwake. Kwa wenye magari haya: hakikisheni waya wa kuchajia unakubali umeme wetu wa volti 230, na msitumie ekstensheni nyembamba za kuchajia simu. Nyumbani kwa mjomba fundi alimwekea soketi ya peke yake yenye waya mnene na ethi ya kweli. Vinginevyo mtachoma nyumba mkijidai mnaokoa petroli.

Tulipofika Tunduma tukajaza tangi na kujumlisha risiti. Lita 64. Hiyo ni kama kilomita 14 na nusu kwa lita. Ni mbali sana na 67, sitaki kudanganya mtu tena. Lakini ni lita 38 pungufu ya safari ya kwanza, kwa gari lilelile, barabara ileile, dereva yuleyule. Kwa shilingi 3,000 kwa lita ni shilingi 114,000. Ukitoa gharama ya umeme na kitanda cha Iringa bado inabaki ya kununulia mbuzi.

Maoni yangu basi ni haya.

Sisi waandishi tuache kunakili namba za kiwandani kama vile ni Injili. Mtu anayesoma gazeti lako anaweza kuwa ameshika mafao yake mkononi. Mwulize kwanza anaishi wapi, anasafiri wapi, anachomeka wapi. Haibridi ya kuchomeka ni gari zuri kwa anayezunguka karibu na nyumbani na kusafiri mbali mara mojamoja. Kwa anayekaa Tunduma–Dar kila wiki, haibridi ya kawaida nyepesi ingemfaa zaidi, na hilo nilipaswa kumwambia mtu yeyote anayeniuliza.

Wenye gesti za Mikumi, Iringa, Makambako na Mbeya, wekeni soketi moja nzuri uani na mlipishe. Mmeona shilingi 5,000 yetu.

Na wanaotufundisha udereva, wafute hilo somo la frii. Linatuua, halafu tunaandika "breki zilifeli".

Mjomba hajauza gari. Amefungua daftari la kaunta lenye safu nne: tarehe, kilomita, lita, uniti. Juzi alinipigia kunisomea ya mwezi mzima wa mizunguko ya Tunduma na Vwawa, kwa sauti ileile ya matokeo ya mtihani. Nilipomwuliza kama deni langu limekwisha, akasema bado, kwanza nimtafutie yule fundi aliyemfundisha kuweka frii, kama bado yu hai, amweleze.

Nawasilisha. Wadau mnaopita Kitonga na Senjele, ninyi mnatumia lita ngapi? Na mteremkoni mnaweka nini?